Kipimo cha PSA: Protini Inayomwonya Mwanamume Mapema

Hapa Kwale, mwanamume akikojoa damu, wazo la kwanza ni kichocho. Si ajabu, kwani ugonjwa huo umekuwapo kwa miaka mingi Msambweni na sehemu nyingine za kaunti. Hatari ni kumeza dawa au kungoja bila kupimwa. Damu hiyo inaweza kuwa ya saratani ya kibofu au ya tezi dume. Isitoshe, saratani ya tezi dume mara nyingi huanza bila dalili yoyote.

Hapo ndipo kipimo cha PSA kinaposaidia. Tezi dume, iliyo chini ya kibofu, hutengeneza protini iitwayo PSA, na kiasi kidogo huingia kwenye damu. Tezi ikipata saratani, kiasi hicho huweza kupanda. Maabara hupima damu kidogo inayotolewa mkononi. Kwa kawaida, kiwango kinachozidi nanogramu 4 kwa mililita humfanya daktari achunguze zaidi.

Je, kiwango kikiwa juu ni lazima iwe saratani? La. Tezi kukua kwa sababu ya umri, maambukizi ya njia ya mkojo, hata kumwaga manii siku moja au mbili kabla ya kupimwa, huweza kukipandisha. Vilevile, kiwango cha chini hakiondoi shaka yote. Daktari anaweza kupapasa tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, shughuli ya muda mfupi tu. Kinachothibitisha saratani ni kipande kidogo cha tezi kinachochunguzwa maabara. Baadhi ya saratani hizi hukua polepole na hufuatiliwa tu bila upasuaji.

Kuna kipimo kimoja cha saratani zote? Bado. Mwaka 2024, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walitaja protini 618 za damu zinazohusiana na aina 19 za saratani. Huo ni utafiti, si huduma ya hospitali. Ukiuziwa kipimo cha aina hiyo, muulize daktari kwanza.

Baba, ukifikisha miaka 50, au 45 ikiwa baba yako au ndugu yako aliugua, zungumza na daktari kuhusu PSA. Ukiona damu kwenye mkojo, usingoje umri wowote: fika kituo cha afya kilicho karibu nawe.