MWANGA, UKUNGU NA MVUA

Habari nyingi za simu na kompyuta husafiri kwa mwanga ndani ya nyuzi za kioo zilizofukiwa ardhini. Je, mwanga huo ukirushwa hewani tu, bila waya? Yawezekana. Mwaka wa 1880 Alexander Graham Bell alirusha sauti kwa mwanga wa jua zaidi ya mita 200 mjini Washington. Iliyomsumbua ni hali ya hewa, na hadi leo ndiyo inayosumbua.

Adui mkubwa hapa ni ukungu, si mvua. Wengi hushangaa, kwani mvua ndiyo yenye kishindo. Hebu tupige hesabu. Tone la mvua lenye upana wa milimita 1 likivunjwa kuwa vitone vya ukungu, kila kimoja sehemu moja ya mia ya milimita, tutapata vitone 1,000,000. Maji ni yale yale, lakini vitone hivyo vikitandazwa huziba nafasi mara 100 kuliko lile tone. Ndiyo maana dereva wa matatu kule Limuru akiwasha taa kali ndani ya ukungu huona ukuta mweupe tu! Kwa hivyo wanaosema dawa ni kuongeza nguvu ya leza, mimi sikubaliani nao sana.

Afadhali mwanga upewe mwenzake. Mawimbi ya redio yenye urefu wa milimita chache hupenya ukungu bila shida kubwa, ila mvua kubwa huyadhoofisha. Basi mitambo yote miwili huwekwa pamoja, mmoja ukizidiwa mwingine unashika zamu. Ni nadra mvua kubwa na ukungu mzito kuja saa moja.

Halafu kuna joto. Umeona lami inavyotetemeka mchana? Hewa ya namna hiyo hupinda miale ikakosa shabaha, kwa hivyo hutumika vioo vidogo vinavyojigeuza vyenyewe kuufuata mwanga.

Kinshasa na Brazzaville zatazamana ng'ambo ya Mto Kongo, lakini waya ungelazimika kuzunguka kilomita 400 hivi. Mwaka wa 2021 mradi wa Taara kutoka Marekani ulitangaza kwamba leza yake imevuka hapo, kilomita 4.8, na kupitisha terabaiti karibu 700 kwa siku 20, ikifanya kazi asilimia 99.9 ya wakati. Nimekokotoa: katika siku hizo zote ilikatika kama dakika 29 tu.