Sumaku inayoweza kuokoa ubongo wa mtoto

PENGINE daktari amewahi kukuandikia uende upigwe picha ya MRI. Kama ndivyo, unazijua shida zake. Kuna safari ya kwenda mji mkubwa, kuna foleni, na kuna bili ambayo huifanya jamaa nzima kuitisha harambee.

Sasa hebu fikiria kwamba mgonjwa mwenyewe ni mtoto wa miezi minane ambaye kichwa chake kinazidi kukua kila wiki kwa sababu ya maji yanayokusanyika ndani ya ubongo. Mtoto huyo hawezi kungoja. Maji hayo huukandamiza ubongo, na akichelewa kutibiwa anaweza kuwa kipofu, kulemaa au kufa.

Ni kwa sababu ya watoto kama hawa ambapo wahandisi wameanza kuunda mashine ndogo za MRI zinazotumia sumaku za kawaida za kudumu. Lakini usidhani kwamba kazi hiyo ni kununua sumaku na kuzipanga tu.

Kwa nini MRI ni ghali?

Mashine ya MRI hutumia nguvu za sumaku pamoja na mawimbi ya redio kusoma maji yaliyomo mwilini mwako. Mashine nyingi za hospitali kubwa zina nguvu ya tesla 1.5 au 3. Nguvu hizo hutoka kwenye koili za waya zinazozamishwa katika heliamu ya maji, ambayo ubaridi wake ni karibu nyuzi 269 chini ya sufuri. Mashine ya namna hiyo huhitaji stima ya kutegemewa, chumba maalum na fundi aliyebobea. Gharama hizo zote hatimaye humfikia mgonjwa.

Sumaku ya kudumu haihitaji stima ili iwe na nguvu. Sumaku kali tunazozijua leo, zinazotengenezwa kwa chuma, boroni na madini ya neodimiamu, zilivumbuliwa mapema katika miaka ya 1980. Wakati huo huo, mwanafizikia Klaus Halbach, aliyefanya kazi Marekani, alieleza namna ya kupanga sumaku katika duara, kila moja ikiwa imegeuzwa kidogo kuliko jirani yake. Zikipangwa hivyo, nguvu hukusanyika ndani ya duara na kupungua sana nje. Kichwa cha mgonjwa huingizwa katika duara hilo.

Kazi iliyofanywa Mbarara

Huhitaji kwenda Ulaya kuona mfano. Mwaka 2022, vipuri vya mashine kama hiyo vilisafirishwa kwa ndege kutoka Uholanzi hadi Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, nchini Uganda. Wakufunzi wanne na watu sita ambao hawakuwa na ujuzi wa kazi hiyo waliiunganisha papo hapo. Tangu vipuri vilipofika hadi picha ya kwanza ilipopatikana, zilipita takriban siku 11.

Nguvu ya mashine hiyo ni kama tesla 0.05 tu, yaani sehemu moja kwa 30 ya ile ya tesla 1.5. Picha zake hazina ung'avu wa zile za hospitali kubwa. Hata hivyo, daktari anayetaka kujua maji yamejaa upande gani wa ubongo na ni mengi kiasi gani hahitaji kuona kila mshipa.

Vikwazo vya fundi

Shida ya kwanza ni kwamba sumaku hazifanani. Hata zikitoka kiwanda kimoja na katika boksi moja, nguvu zake hupishana kidogo. Ukizichanganya ovyo, nguvu ndani ya duara zitakuwa na mabonde na milima, na picha itapindika. Kwa hiyo mafundi wa Mbarara walilazimika kuzipima na kuzichambua moja moja kabla ya kuzijaza katika pete 23. Baadaye walirekebisha nafasi kati ya pete na pete hadi nguvu zikakaribia kulingana.

Pili ni hatari ya kazi yenyewe. Sumaku hizi huvutana kwa ghafla na zinaweza kubana kidole hadi kikapondeka. Isitoshe, ni rahisi kuvunjika, na zikigongana vipande hurukia macho. Tena hakuna swichi ya kuzizima.

Tatu ni joto. Kila joto linapopanda kwa nyuzi moja, sumaku ya neodimiamu hupoteza karibu sehemu moja kwa elfu ya nguvu zake. Ni kidogo, lakini kwa MRI ni kama redio iliyohama stesheni. Kipimo kilichofanywa asubuhi hakitafaa alasiri jua likiwaka, kwa hivyo ni lazima mashine ipimwe na kurekebishwa upya kila mara.

Nne ni kelele za mawimbi. Mashine hii husikiliza mawimbi hafifu sana ya redio. Vifaa vya umeme vilivyo karibu, na hata mwili wa mgonjwa unaonasa mawimbi kama eriali, vinaweza kuharibu picha.

Ndiyo maana mashine ya aina hii haianzi na mtu. Kwanza kifaa cha kupimia hupitishwa ndani ya duara, hatua kwa hatua. Kisha hupigwa picha chupa ya maji au mafuta ambayo umbo lake linajulikana. Chupa ya mviringo ikionekana kama yai, kazi bado.

Wewe ufanye nini?

Usingoje mashine mpya. Ukiona kichwa cha mtoto kinakua upesi kupita kiasi, utosi umevimba, macho yanaelekea chini, au anatapika na kulala mno, mpeleke hospitali mara moja. Utosi ukiwa bado wazi, daktari anaweza kumpima kwa mashine ya mawimbi ya sauti, ile inayotumiwa kupima akina mama wajawazito. Aidha, mtoto akiugua homa kali katika wiki za kwanza, atibiwe haraka, kwa kuwa wengi wa watoto wenye maradhi haya waliochunguzwa Uganda waliyapata baada ya ambukizo la utotoni.

Na ukitumwa kupigwa picha ya MRI, ya aina yoyote ile, mweleze mhudumu kama una kifaa cha kusaidia moyo kupiga au chuma chochote mwilini. Wanaochomelea au kusaga vyuma katika jua kali waseme kama vipande vimewahi kuwaingia machoni. Mwaka 2001 mtoto wa miaka sita alikufa nchini Marekani baada ya mtungi wa chuma wa oksijeni kuingizwa katika chumba cha MRI na kuvutwa kwa nguvu na mashine alimokuwa amelazwa.

Sumaku haina huruma. Faida yake kwa mgonjwa hutegemea uangalifu wa aliyeipanga, aliyeipima, na wako wewe unayeikaribia.