Dublin, Machi 17: Ukikosea hoteli, umekosea safari

Kila ifikapo Machi 17, jiji la Dublin huvaa kijani. Ni sikukuu ya Mtakatifu Patrick, msimamizi wa Ireland, ambayo ni siku ya mapumziko nchini humo tangu mwaka 1903. Wageni kutoka kila bara humiminika kwa siku kadhaa za gwaride, muziki na baa zinazofurika hadi barabarani.

Mfanyabiashara wa Afrika Mashariki anayetaka kuunganisha safari ya Ulaya na shamrashamra hizo huanza kwa kuuliza nauli ya ndege. Lakini mahali pesa inapopotea zaidi ni kwenye kitanda.

Hesabu yake haina tofauti na ya Dar es Salaam wakati wa Sabasaba: wageni huongezeka, vyumba ni vilevile, bei hupanda. Dublin ni jiji la malazi ghali hata siku za kawaida. Machi pia ni mwezi wa kumalizia mashindano ya raga ya Mataifa Sita, hivyo Ireland ikicheza nyumbani siku za karibu na sikukuu, mashabiki nao wanagombea vyumba hivyo hivyo. Anayetafuta nafasi wiki ya mwisho huokota kilichobaki.

Karibu na ngoma, mbali na usingizi

Gwaride huanza saa sita mchana upande wa kaskazini, Parnell Square. Hushuka Mtaa wa O'Connell, huvuka Mto Liffey, hupita College Green na Mtaa wa Dame, kisha huelekea eneo la Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick upande wa kusini.

Hoteli iliyo kwenye njia hiyo, kama Gresham iliyopo Mtaa wa O'Connell tangu 1817, humpa mgeni nafasi ya kushuka ngazi na kujikuta katikati ya sherehe. Gharama yake si bei peke yake. Barabara hufungwa, teksi haifiki mlangoni, na tramu za Luas husimamishwa katikati ya jiji kwa saa kadhaa. Mwenye mabegi mazito na ndege ya alasiri atayaburuta kwenye umati, na uwanja wa ndege wa Dublin haufikiki kwa reli.

Eneo la Temple Bar ndilo lenye kelele zaidi, kwa kuwa baa zimebanana na muziki hauishi mapema. Aliyewahi kulala gesti ya Kariakoo juu ya duka la kanda anaelewa. Anayelazimika kulala hapo aombe chumba cha ghorofa ya juu, upande wa nyuma.

Hali haikuwa hivyo zamani. Kuanzia miaka ya 1920 hadi miaka ya 1960, sheria ilizifunga baa siku hiyo. Tamasha kubwa la sasa lilianza mwaka 1996 kwa msukumo wa serikali, iliyotaka kuitangaza nchi kwa wageni.

Kwa anayetaka sherehe mchana na usingizi usiku, miji ya pwani kama Dún Laoghaire na Bray inafaa zaidi. Treni za DART hupita kwenye reli yake, si barabarani, hivyo gwaride haliziondoi njiani. Kutoka Dún Laoghaire hadi katikati ya jiji ni chini ya nusu saa. La kuangalia ni saa ya treni ya mwisho, kwani hazitembei usiku kucha.

Mpaka usioonekana

Bei za Dublin zikipaa, wapo wanaoshauri kulala Newry au Belfast, Ireland Kaskazini, na kuja kwa treni. Kutoka Belfast ni kama saa mbili. Njiani hakuna geti wala anayegonga muhuri kama Busia au Namanga.

Hapo ndipo penye mtego. Ireland Kaskazini ni sehemu ya Uingereza, fedha yake ni pauni, na viza ya Ireland haimruhusu Mkenya, Mtanzania au Mganda kuingia huko. Viza ya Schengen nayo haifai kokote kati ya pande hizo mbili. Watalii wanaokuja kwetu wanaweza kupata viza moja ya Kenya, Uganda na Rwanda. Kwa pasipoti zetu, Dublin na Belfast zinahitaji viza mbili. Kukosekana kwa kizuizi si kibali, na kukamatwa bila viza kunaweza kuharibu maombi ya baadaye.

Lipa mwisho

Mamlaka za uhamiaji za Ireland zenyewe hushauri mwombaji asinunue tiketi kabla ya kupewa viza. Kanuni hiyo ihamie hotelini: weka mapema nafasi inayoweza kufutwa bila makato, hata kama bei yake imezidi kidogo. Chumba kisichorudishiwa pesa huonekana nafuu hadi viza inapokataliwa. Hapo ndipo rahisi inapokuwa ghali, na mtaji wa mzigo mmoja unabaki Dublin wakati mwenyewe yuko Namanga.