Maktaba sio ya kusomea mtihani tu, jamani

Nimekuwa kimya kidogo, mambo yalibana. Leo nimerudi na mada ambayo najua wengine mtataka kuikimbia: maktaba. Usifunge kwanza! Nipe dakika kumi tu, na kama upo kafe na saa inahesabu, basi jua hizi dakika kumi zitarudisha hela yako.

Mimi nilimaliza kidato cha nne nikiwa na picha moja tu ya maktaba. Chumba cha kimya, feni inazunguka polepole, na watu wanaorudia mitihani wamelalia vitabu vya fizikia. Matokeo yalipotoka nikasema basi, mimi na maktaba tumemalizana. Kumbe hata hatujaanza.

Kilichonirudisha ni shamba la bibi.

Babu alipofariki, mdogo wake akaanza kuleta wateja shambani. Bibi akiuliza anajibiwa, "Shemeji, wewe ni mwanamke, ardhi ya ukoo haikuhusu." Mteja mmoja kutoka mjini alishafika hadi kupima kwa hatua. Bibi akanipigia simu, "Mjukuu wangu, wewe umesoma, hebu angalia kwenye hiyo mitandao yenu sheria inasemaje." Haya, umesoma... na mimi mwenyewe najijua nilipata nini!

Nikaenda kafe nikalipia saa nzima. Nikaandika "haki ya mwanamke kwenye ardhi". Yakaja mengi kweli kweli. Nikakomaa na ukurasa mmoja karibu robo saa, nanakili kwenye daftari, kufika mwisho nakuta kumbe ile ni sheria ya Kenya. Mwingine ulikuwa wa Tanzania lakini ni Kiingereza cha mahakamani, sentensi moja inachukua mistari kumi. Wa tatu watu walikuwa wanatukanana tu. Saa ikaisha, daftari tupu.

Mshkaji wangu mmoja akaniambia, "Nenda maktaba ya mkoa." Nikacheka. Lakini nikaenda, maana sikuwa na pa kwenda pengine.

Mama wa kaunta hakuniuliza nasoma kidato cha ngapi. Aliniuliza, "Unatafuta nini hasa, mwanangu?" Nikamweleza habari ya bibi. Akanyanyuka, akanipeleka kwenye rafu, akavuta kijitabu chembamba cha Kiswahili kinachoeleza Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999. Nikakaa chini nikasoma. Mle ndani nikakuta mambo matatu ambayo bibi alikuwa hayajui, na mimi pia.

La kwanza, sheria hiyo inasema mwanamke mtu mzima ana haki ya kupata, kumiliki, kutumia na kuuza ardhi sawasawa na mwanaume. La pili, mila inayomnyima mwanamke haki hiyo ya ardhi haina nguvu mbele ya sheria hiyo. La tatu, na hili ndilo lililonifanya nisimame, mtu hawezi tu kumuuzia mgeni hakimiliki ya kimila ya ardhi ya kijiji wakakubaliana wawili chini ya mwembe. Lazima halmashauri ya kijiji iidhinishe.

Nikamsomea bibi kwenye simu, neno kwa neno. Kesho yake asubuhi akaenda kwa mtendaji wa kijiji kuuliza kama hayo mauziano yamepita kwenye halmashauri. Hayakupita. Yule mteja kusikia hivyo, akarudi mjini na hela yake. Sitaki kuwadanganya kwamba kesi imeisha. Suala la mirathi lina sheria zake, na hapo mila bado ina nguvu, kwa hiyo familia bado inavutana. Lakini shamba lipo, na bibi analima msimu huu.

Sasa tuje kwenye somo lenyewe.

VITABU VYA MAARIFA NI VIPI HIVYO?

Tumezoea kwamba kitabu ni aina mbili: cha darasani au riwaya. Kuna aina nyingine kubwa kuliko zote mbili, vitabu vinavyoeleza mambo ya kweli: ufugaji, sheria, umeme, afya, historia, biashara, mpira, kushona. Ndivyo vinavyojaza rafu nyingi maktaba, na ndivyo tunavyovipita kila siku tukidhani ni vya maprofesa.

Tatizo la wengi ni kwamba ukiingia unaona rafu hamsini na hujui uanzie wapi, unaona aibu, unatoka. Siri ni kile kikaratasi chenye namba mgongoni mwa kitabu. Maktaba nyingi za umma hupanga kwa mfumo wa Dewey, uliotolewa na Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876. Maarifa yote yamegawanywa mafungu kumi:

000 kompyuta na mambo ya jumla
100 falsafa na saikolojia
200 dini
300 jamii, sheria, uchumi, elimu
400 lugha
500 sayansi na hesabu
600 ufundi, tiba, kilimo, biashara
700 sanaa, muziki na michezo
800 fasihi
900 historia na jiografia

Ndani ya kila fungu namba zinazidi kuchimba. Sheria za mali na ardhi zipo 346. Kilimo ni 630, mifugo 636, na kuku wana chumba chao kabisa, 636.5. Nyuki 638. Umeme 621.3. Magari 629.2. Mapishi 641.5. Kuendesha biashara 658. Mpira upo 796. Historia ya Tanzania ni 967.8. Ukishajua namba moja tu ya jambo unalolipenda, umeshapata mtaa wako. Halafu angalia majirani kushoto na kulia, maana vitabu vya jambo moja hukaa pamoja. Mimi nilifuata 346, nikatoka na kitabu cha mikataba ya kupanga nyumba ambacho wala sikukitafuta.

ANGALIA MWAKA

Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana nusura niingie mkenge. Kijitabu kingine nilichokipata kilikuwa cha zamani. Kilisema baraza la kata linaamua migogoro ya ardhi isiyozidi thamani ya shilingi milioni 3. Nilishaandika hivyo, nikataka kumtuma bibi kata. Mama wa kaunta akanionyesha ukurasa wa nyuma ya jalada, penye mwaka wa kuchapishwa, akaniambia sheria ilirekebishwa mwaka 2021. Siku hizi baraza la kata linasuluhisha tu, haliamui. Wakishindwa kupatanisha, shauri linaenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya.

Kwa hiyo kitabu cha maarifa kina umri. Historia ya Majimaji ya mwaka 1905 hadi 1907 haiozi haraka, lakini sheria, dawa na kompyuta zinaoza. Kabla hujasoma, fungua vitu vitatu: mwaka wa kuchapishwa, yaliyomo, na faharasa ya mwishoni. Faharasa ni kama ile sehemu ya kutafutia kwenye intaneti: unatafuta neno lako, inakupa ukurasa, huna haja ya kusoma kurasa 200.

Na mtandao nao una kazi yake. Kitabu kikinipa jina na mwaka wa sheria, ndipo narudi kafe kuangalia kama imebadilishwa. Nikianza na kafe bila kujua natafuta nini, nanunua ukungu kwa hela yangu.

MAKTABA ZETU ZILITOKA WAPI

Sheria ya kuanzisha huduma za maktaba Tanganyika ilipitishwa mwaka 1963, uhuru haujatimiza hata miaka miwili na nusu. Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha. Mwaka 1975 ikaja sheria ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ambayo ndiyo inasimamia mpaka leo Maktaba Kuu na maktaba za mikoa. Wachapishaji wa nchini wanatakiwa kisheria kupeleka nakala za vitabu vyao kwenye Bodi. Maana yake kuna vitabu na vijarida vya Kitanzania pale ambavyo huwezi kuvikuta mtandaoni hata utafute mpaka kafe ifungwe.

Kwa wa Dar: shuka Posta, nyoosha Mtaa wa Maktaba mpaka Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Hata jina la mtaa linakuelekeza, sasa wewe unapotea vipi?

SIO VITABU TU

Hili ndilo lililonishangaza zaidi. Siku ile naondoka, nikaona tangazo la kalamu ya wino mlangoni: kila Jumamosi asubuhi kuna mazungumzo na msaidizi wa kisheria, bure. Wasaidizi hawa wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Nikaenda. Tulikuwa watu tisa: mama muuza samaki, kijana wa bodaboda, wazee wawili, na sisi wengine. Mtu anasoma ukurasa kwa sauti, msaidizi anaeleza, mnauliza. Yule mama alikuwa hajui kusoma vizuri, lakini maswali yake yalikuwa makali kuliko ya kwetu sote. Kitabu nilichosoma peke yangu mara mbili, pale ndipo nilikielewa.

Na wala sio jambo geni Tanzania. Waulize wazee kuhusu "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Vilichapishwa vijitabu vya Kiswahili chepesi kuhusu malaria, kuhara na magonjwa mengine, watu wakakaa kwenye vikundi vijijini, redio inazungumza, mmoja anasoma, halafu wanajadili na kukubaliana cha kufanya. Walishiriki watu wapatao milioni mbili, na vyoo vikachimbwa kwa wingi. Mwaka 1975 ikafuata "Chakula ni Uhai". Kitabu cha maarifa kilifika kwa mtu asiyejua hata kusoma, kwa sababu alikaa na anayejua.

Majirani zetu Kenya nao hawajalala. Garissa, tangu mwaka 1996, ngamia wanabeba vitabu na hema kuwafuata wafugaji na watoto wao huko waliko. Nairobi, jengo la McMillan lililofunguliwa mwaka 1931 lilikuwa la wazungu tu kwa miaka mingi. Mwaka 2017 akina dada wawili, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, walianzisha taasisi ya Book Bunk ili kulifufua, pamoja na maktaba ndogo za Kaloleni na Makadara huko Eastlands. Maktaba ambayo babu zao walizuiwa kuingia, sasa ni mali ya mtaa.

UNAANZAJE?

Usiende na wazo la "kusoma". Nenda na swali moja. Kuku wa mama wanakufa kwa mdondo, nifanyeje? Mwenye nyumba anataka kunitoa, ana haki? Nataka kujifunza kufunga nyaya, nianzie wapi?

Fika kaunta, salimia, sema swali lako hivyo hivyo lilivyo. Usione aibu, mkutubi amesomea kazi hiyo. Kipo hadi chuo cha ukutubi Bagamoyo. Uliza ada ya kiingilio au ya uanachama, na masharti ya kuazima, kwa sababu hubadilika. Begi kubwa liache nyumbani, maana mara nyingi utaambiwa uliache mlangoni. Beba daftari na kalamu. Ukitoka, soma ubao wa matangazo. Kama hakuna programu yoyote, uliza kwa nini, na muulize mkutubi kama wewe na wenzako watano mnaweza kupewa meza siku moja kwa wiki.

Sitawaficha, kasoro zipo. Kuna rafu zenye vitabu vya zamani mno, kuna siku kitabu unachotaka hakipo na hakuna anayejua kilienda wapi. Lakini vitu visivyotumiwa ndivyo vinavyoachwa vife. Tukijaa pale na maswali yetu, watalazimika kutuletea majibu mapya.

Bibi aliniuliza juzi, "Hicho kitabu umenunua bei gani?" Nikamwambia sijanunua, ni cha watu wote, nimekirudisha. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi kachukue na cha mirathi."

Jumamosi naenda. Wewe mtaani kwenu kuna maktaba? Mara ya mwisho uliingia lini, na ulitafuta nini? Mwaga hapo chini, tuambizane.

Nawakilisha.