Mavuno ambayo mwalimu hayaoni

Juzi, baada ya Misa ya asubuhi, alinijia katekista mmoja mzee. Amewaandaa watoto kwa Komunyo ya kwanza na Kipaimara zaidi ya miaka 30. "Padre," akasema, "naomba kupumzika. Vijana hawanisikilizi. Sioni nilichovuna."

Nikamsimulia habari za Antoine-Louis Barye.

Barye alizaliwa Paris, Ufaransa, mwaka 1795, mtoto wa sonara. Alishindania mara kadhaa tuzo ya kwenda kusomea sanaa Roma, akaikosa. Akaajiriwa na sonara, akitengeneza visanamu vidogo vya wanyama. Simba wake hakuwaona mbugani kama sisi tunavyoweza kuwaona, bali katika vizimba vya bustani ya Jardin des Plantes. Aliwachora wakiwa hai; walipokufa, alipima mifupa yao. Simba mmoja alipokufa, rafiki yake, mchoraji Delacroix, alimwandikia aje mbio.

Mwaka 1831 watu walisimama kutazama sanamu yake ya chui milia akimrarua mamba. Mwaka 1833 akaonyesha simba akimkandamiza nyoka. Sifa zikaja, lakini hazikudumu. Mwaka 1837 waamuzi wa maonyesho makuu ya Paris walizikataa kazi zake. Akafungua karakana yake mwenyewe ya sanamu za shaba. Madeni yakamwelemea, na mwaka 1848 akafilisika. Hata vielelezo vya sanamu zake vikaangukia mikononi mwa aliyemdai.

Mwaka 1854, akikaribia miaka 60, alipewa kazi ya kufundisha kuchora wanyama katika makumbusho ya bustani ileile. Hakuwa msemaji. Miongoni mwa waliopita kwake alikuwa kijana Auguste Rodin, ambaye wakati ule hakuona kwamba anapata jambo kubwa. Barye alifariki mwaka 1875. Rodin alikuwa na miaka 34, bado hajulikani. Ni baadaye, akiwa mchongaji maarufu duniani, alipokiri deni lake kwa mzee yule. Mzee hakuwapo kusikia.

Kitabu cha Kutoka kinamtaja Bezaleli, fundi wa Hema la Mungu. Soma sura ya 35 uone: Mungu hakumjalia ustadi wa mikono tu, alimtia pia moyo wa kuwafundisha wengine. Hizo ni karama mbili. Matunda ya ile ya kwanza unayashika mkononi. Ya pili yanakomaa ndani ya mtu mwingine, mara nyingi wewe ukiwa umekwisha kuondoka. Ndiyo maana Mtume Paulo aliwakumbusha Wakorintho kwamba kazi yetu ni kupanda na kutia maji. Kukuza ni kwa Mungu.

Sisemi kila darasa lina Rodin. Pengine halina. Lakini mwalimu hapewi orodha ya kuonyesha nani atakumbuka na nani atasahau. Anapewa watoto walio mbele yake, basi.

Katekista alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Jumamosi darasa ni saa tatu, Padre?" Nikamjibu ndiyo.

Nawe msomaji, yuko aliyekufundisha kuomba, kusoma au kushika jembe. Kama yu hai, mpigie simu leo kabla jua halijazama. Kama amelala, mtaje katika Misa. Jumapili njema.