Ziwa halina chumvi, lakini kutu ipo

Watu wa Mwanza tuna la kuwatambia wageni wa Dar es Salaam: maji yetu ni baridi, hayana chumvi, kwa hiyo vyuma vyetu vinadumu. Hapo tunasema kweli nusu.

Chuma hakingoji chumvi ndipo kishike kutu. Maji na hewa vinatosha. Kikilowa, chembe zake hupoteza elektroni, oksijeni iliyomo majini huzipokea, na kinachobaki ni ule unga mwekundu. Chumvi huharakisha tu, kwa kuwa maji yake hupitisha vizuri zaidi huo umeme mdogo. Alumini nayo huungana na oksijeni, ila hujivika utando mgumu unaoikinga. Kutu ya chuma huvimba, hubanduka, na kuacha chuma kipya wazi kiliwe tena.

Melini, basi, pa kutazama kwanza ni pale maji yanapokutana na hewa, panapolowa na kukauka kutwa. Na tumbo la meli halikwanguliwi wala kupakwa rangi likiwa majini. Ndiyo sababu mradi uliofufua MV Victoria, meli ya tangu 1961 iliyorudi kazini Agosti 2020, ulijenga pia chelezo cha kupandishia meli nchi kavu hapa Mwanza. Kwangu mimi chelezo ndicho kilichokuwa na maana zaidi, ingawa picha zote zilikuwa za meli.

Kwamba hata maji baridi hula chuma, Wajerumani walilijua. Mwaka 1916 waliizamisha Graf von Götzen katika Ziwa Tanganyika, lakini kwanza walizipaka injini grisi nene. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Wahunzi wa Buhaya, magharibi mwa ziwa letu, walikuwa wameshaigeuza kinyume kazi ya kutu miaka takriban 2,000 iliyopita. Mawe mekundu waliyoyatia tanurini huko Katuruka ni chuma kilichokwisha kuungana na oksijeni, ndugu wa kutu. Gesi ya mkaa ikayanyang'anya oksijeni, chuma kikabaki.

Wewe mwenye nyumba ya bati Igoma au mtumbwi wa injini Kirumba, usipake rangi juu ya kutu. Sugua kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, pakauke, upake rangi ya kuzuia kutu, kisha ile ya urembo. Anza na matundu ya misumari.