Siste, Unamsubiri Nani?

Kwenye banda la gemu hapa Karurumo, mvulana akiketi kwenye benchi hupewa pedi, basi. Mimi huulizwa: “Siste, unamsubiri nani?” Kisha mtihani: taja kikosi cha Arsenal, eleza kombo za Tekken. Mvulana asiyejua hufundishwa. Msichana asiyejua huelekezwa saluni. Nikimshinda mtu, ghafla pedi yake ni mbovu.

Na Sylvia Gathoni, maarufu kama Queen Arrow, Mkenya aliyesajiliwa na timu ya kigeni kwa Tekken hiyohiyo? “Huyo ni wa kipekee,” wananijibu. Nairobi, shirika la AkiraChix lilianza 2010 kuwafunza wasichana teknolojia. Huku kwetu, kaka hushinda bandani dada akichuma kahawa, halafu tunaambiwa hatuna kipaji. Mwenye banda hajali. Anataka shilingi zake 20.